Picha za Dini Juu ya Jiwe: Kutoka Roma hadi Murang'a

Ufundi wa kuchora picha za dini kwa rangi ya mafuta juu ya jiwe ulipata sifa mjini Roma mwaka 1530, ilipojulikana kwamba Sebastiano del Piombo, mzaliwa wa Venice, amepata namna ya kuishikiza rangi hiyo kwenye marumaru na baadaye kwenye sleti, yaani jiwe jeusi linalopasuka kwa mabamba, ambalo zamani lilitengenezewa vibao vya wanafunzi. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mji huo uporwe na majeshi ya Kaisari Karl wa Tano, na wenye fedha walivutiwa na picha isiyotafunwa na wadudu wala kuogopa moto. Uzito ndio uliowashinda: Pietà, yaani picha ya Maria akimwombolezea Yesu aliyekufa, ilipelekwa Úbeda nchini Hispania ikiwa juu ya sleti, na Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, alieleza jinsi mabamba ya namna hiyo yalivyokuwa taabu kuyahamisha. Mafundi wa Verona walikuwa werevu zaidi, kwani waliuacha weusi wa jiwe bila kuupaka rangi ili uwe giza la usiku lenyewe. Naye mchoraji Rubens, mwaka 1608, aliiacha turubai na kuchora upya juu ya sleti katika kanisa la Santa Maria in Vallicella, kwa kuwa picha ya kwanza ilimetameta mno machoni pa waumini.

Afrika Mashariki ufundi wa Kiitalia ulifika kwa njia ya vita, pale wafungwa wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakijenga barabara katika Bonde la Ufa walipojenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942. Kazi nzito zaidi, hata hivyo, ilifanywa na Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, karibu na Moshi. Baada ya masomo ya Makerere, alichora mwaka 1959 michoro mitano ya ukutani katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa vyote vinatokea katika nchi ya Wakikuyu, na Yesu ni Mwafrika.