Mwunda Helikopta na Elimu ya Urubani

Tarehe 14 Septemba 1939, huko Stratford katika jimbo la Connecticut, Marekani, Igor Sikorsky aliketi ndani ya helikopta aliyoibuni mwenyewe, nayo imefungwa chini isije ikamshinda. Alikuwa na umri wa miaka 50, rubani wa eropleni wa siku nyingi. Lakini wa kumfundisha mtambo ule hakuwapo. Alijifunza kwa kuinuka kidogo na kutua, wala hakuruka akiwa huru kabisa mpaka Mei 1940.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 helikopta zilikuwa zimeanza kuuzwa vipande vipande, mnunuzi aziunge nyumbani kwake. Scorpion ya kampuni ya RotorWay ilikuwa na kiti kimoja tu. Mwalimu hakuwa na pa kukaa. Upweke uliompata Sikorsky kwa lazima sasa ulinunuliwa kwa hiari.

Sheria ya Marekani hutenga mambo mawili. Kibali cha chombo hutolewa ikiwa zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu walioiunda kwa kujifunza au kujiburudisha. Leseni ya rubani binafsi wa helikopta hudai saa zisizopungua 40 za kuruka, 20 pamoja na mwalimu na 10 peke yake. Nazo aghalabu hupatikana katika helikopta za kiwandani.

Hapo ndipo penye hatari. Injini ikizimika angani, rubani hana budi kushusha mara moja wenzo wa mkono wa kushoto, ili upepo utokao chini uendelee kuyazungusha mapanga. Mapanga mepesi hupoteza mwendo upesi mno, na mkono uliozoea mazito huchelewa. Mwaka 1995 serikali iliagiza mafunzo ya pekee kwa marubani wa Robinson R22 na R44, ingawa zilitoka kiwandani na leseni walikuwa nazo. Sembuse chombo kilichoungwa bandani, ambacho huenda kisifanane na ndugu yake!

Katika majaribio ya kwanza sheria humkataza mwenye chombo kubeba abiria. Hivyo humlinda mwingine; yeye humwachia busara yake. Aundaye jahazi hujua kila msumari uliomo, wala hilo halimfanyi nahodha. Sikorsky alilitambua hilo, ndiyo maana alikubali kufungwa kwanza.