Waliona Kuku

Hapa kambini filamu haiishi pale jenereta inapozimwa. Inaanza upya kesho yake asubuhi kwenye foleni ya maji. Huyu anasema stelingi alifanya ujinga kumwamini yule rafiki yake. Yule anasema hapana, mtu ukiwa na njaa utamwamini nani? Mama mmoja anauliza kwa nini yule mke hakupiga yowe majirani waje. Kijana anamjibu eti kule Ulaya hakuna majirani. Watu wanacheka, ndoo zinajaa, kesi inahamia kwa kinyozi.

Wengi tunaona hizo ni porojo tu. Mimi nasema porojo hizo zina historia ndefu katika nchi zetu. Wapo watu waliosafiri mbali na kutumia pesa nyingi ili wajue tunasema nini picha ikiisha. Shida ni kwamba mara nyingi walikuja na jibu lao mfukoni.

Tuanzie milima ya Usambara, upande wa Tanga, mwaka 1935. Mahali panapoitwa Vugiri ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, jina lake Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa zilitoka Carnegie Corporation ya New York, na mradi wenyewe ulikuwa chini ya baraza la kimataifa la wamisionari. Walioongoza kazi walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu kama 35, na walizizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia.

Filamu mojawapo ilihusu akiba ya posta. Vibarua wawili wanapokea mshahara. Wa kwanza anafukia pesa zake chini ya ardhi ndani ya nyumba, mwizi anamchungulia, zinakwenda. Wa pili anazipeleka posta, na zake zinabaki salama. Ujumbe umeeleweka, sivyo? Lakini jiweke kwenye nafasi ya mtazamaji wa wakati ule, mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwaka kwa serikali ileile yenye posta. Naye si ana haki ya kuuliza kama kwenye hiyo picha mwizi alikuwa mmoja tu?

Swali la namna hiyo halikuwa ndilo wenye mradi walilolitafuta. Mwaka 1937 walitoa kitabu kuhusu kazi yao, The African and the Cinema. Kilichowashughulisha zaidi ni kama Mwafrika anaweza kufuata picha zinazotembea, na kama somo linamwingia. Maoni yake kuhusu somo lenyewe lilikuwa jambo jingine.

Vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliunda Colonial Film Unit, idara ya filamu za makoloni. Aliyekuwa kichwa chake ni William Sellers, mtu aliyekuwa ameonyesha filamu za afya huko Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwa hiyo picha iende polepole, kamera isirukeruke, kila tendo lionekane kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na pembeni ya kitambaa cheupe asimame mkalimani, awaeleze watu kwa lugha yao kile wanachopaswa kuona. Idara hiyo ilifungwa mwaka 1955, lakini mawazo yake hayakufungwa nayo.

Sasa tufike kwa kuku.

Mwaka 1961 Mwingereza mmoja, John Wilson, alisimulia kisa ambacho baadaye kilienea sana. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu fupi ya kuwafundisha watu wa kijiji kimoja cha Afrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani: kumwaga madimbwi, kuokota makopo matupu na kuyaweka mbali. Mambo yote yalionyeshwa polepole sana, kama Sellers alivyotaka. Watu kama 30 wakaiangalia. Ilipokwisha wakaulizwa: mmeona nini? Wakajibu: tumeona kuku.

Wenye filamu walishangaa, maana wao wenyewe hawakujua kama kuna kuku. Wakairudia filamu yao picha moja baada ya nyingine. Kumbe kweli! Kwenye pembe ya chini kuku alikuwa amepita, kwa muda wa kama sekunde moja tu. Mwaka uliofuata, 1962, msomi wa Kanada Marshall McLuhan alikiingiza kisa hicho kwenye kitabu chake, The Gutenberg Galaxy. Tangu hapo kinasimuliwa vyuoni kama ushahidi kwamba mtu asiyejua kusoma hajui hata kutazama.

Jamani, hebu tukiangalie tena taratibu. Watu 30 wameona kitu cha kweli, kilichokuwamo, ambacho aliyeshika kamera hakukiona. Nani hapo hakujua kutazama? Na kuku si kitu kidogo. Kuku ni karo ya mtoto, ni dawa, ni heshima ya mgeni. Ukiingia kwenye uwanja wa mtu unaangalia kama kuna kuku, na hapohapo unajua nyumba hiyo inaishije. Kwa macho ya wale watu, kopo lililookotwa polepole lilikuwa kopo tu. Kuku ndiye aliyekuwa na habari.

Wakati Waingereza wakihangaika na mambo hayo, kwetu Kongo kazi kubwa ilikuwa mikononi mwa mapadri. Miaka ya 1950, huko Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, wawili wenye vituko kama vya Laurel na Hardy, na ndani ya kicheko akatia mafundisho ya tabia njema. Serikali ya Wabelgiji nayo ilichuja filamu ambazo Mkongo aliruhusiwa kuziona.

Filamu za kauboi zilipita kwenye chujio, na Léopoldville, Kinshasa ya leo, zikafanya kazi ambayo hakuna padri wala mtawala aliyeipanga. Vijana wakajiita Mabill, kutoka jina la Buffalo Bill. Wakavaa jinzi na skafu za shingoni. Mitaa wakaipa majina kama Texas na Dallas. Wakatengeneza na lugha yao ya mtaani, Hindubill, jina lililoshona pamoja filamu za Kihindi na huyo Bill. Tarehe 4 Januari 1959, mji ulipolipuka dhidi ya wakoloni, vijana wa aina hiyo nao walikuwamo barabarani. Sisemi kwamba Mabill walikuwa malaika, maana waliwatesa watu mitaani, hasa wasichana. Nasema tu kwamba waliokichagua kile chakula hawakuchagua kitakavyomeng'enywa.

Unguja mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Kule kulikuwa na majumba ya sinema ya kulipia, na filamu za Kihindi zilipendwa kuliko zote. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilivuta watu wengi sana. Ndani yake kuna hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mhalifu atakuwa mhalifu tu, kwa sababu ya damu. Mtoto wake mwenyewe anakulia mitaani bila yeye kujua, anakuwa mwizi, na mwisho wanakutana mahakamani. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Anayejua alimweleza asiyejua, na kesho yake barazani maneno yaliendelea: kosa ni la damu au la malezi? Mzazi ana haki gani juu ya mapenzi ya mwanawe? Mwanahistoria Laura Fair alikusanya kumbukumbu nyingi za watazamaji hao katika kitabu chake kuhusu sinema Tanzania. Wazee kwa vijana, walitumia filamu ya watu wa mbali kuzungumza mambo yao ya ndani ambayo hayakuwa rahisi kuyataja waziwazi.

Sisi huku kambini swali la yule hakimu tunalijua kwa majina mengine. Mtoto wa adui ni adui? Aliyezaliwa upande ule wa mto anaweza kuwa jirani mwema? Ukiuliza hivyo kwenye mkutano, watu watanyamaza, kila mmoja atatazama miguu yake. Uliza kuhusu mtu wa kwenye filamu, utasikia maoni mpaka usiku. Hiyo ni faida ya kwanza ya porojo za filamu: jeraha linaguswa bila mtu kutajwa.

Na yule mkalimani wa Sellers aliyesimama kando ya kitambaa? Hakupotea, alibadilisha mwajiri. Tanzania alikuja Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Gaspar Mukandala. Kenya kuna DJ Afro. Uganda kuna akina VJ Jingo na VJ Junior. Hao sauti zao zinajulikana kwenye kila kibanda umiza, humohumo tunamobanana kwenye mabenchi na joto juu. Mkalimani wa zamani alitumwa kulinda ujumbe usipotee. Hawa hawakutumwa na mtu. Wanamkosoa stelingi, wanampa adui jina la kuchekesha, wanaugeuza mji wa Marekani kuwa mtaa tunaoufahamu. Filamu inatembea na maoni yanatembea pamoja nayo. Wengine wanaona huko ni kuiharibu kazi ya watu, na ni kweli kuna maneno mengi yanayotiwa ambayo hayamo kabisa. Lakini mtazamaji anajua anasikia maoni ya nani. Kwenye filamu ya posta ya mwaka 1935 hakuambiwa.

Halafu zikaja filamu za makambini. Mwaka 1999 shirika la FilmAid lilianza kuonyesha filamu kwa wakimbizi wa Kosovo waliokuwa Macedonia, na mwaka 2001 likaingia Kakuma, Kenya. Skrini kubwa, gari, watu wamekaa chini kwa mamia. Kule Kakuma vijana wakimbizi wenyewe walifundishwa kushika kamera, na hilo ni badiliko kubwa ukilinganisha na Vugiri. Siku hizi mashirika mengi yanatumia filamu fupi: kipindupindu, kunawa mikono, ndoa za utotoni, ukatili wa nyumbani. Nyingi ni nzuri na zimesaidia. Ila baada ya picha mara nyingi linakuja dodoso, na swali lake la kwanza ni lilelile la zamani: je, umeelewa ujumbe? Tunajibu ndiyo. Nani atasema hapana mbele ya mtu mwenye kalamu?

Ndugu zetu wa mashirika, swali hilo halina ubaya, lakini halitoshi. Tuseme kwenye filamu ya kipindupindu mama ananawa mikono kwenye bomba linalotoka maji saa yoyote, wala hakuna foleni. Mtazamaji ameelewa kabisa kwamba anawe mikono. Ila kuku aliyemwona yeye ni lile bomba. Akiulizwa ameona nini, atalisema, na hapo mhandisi wa maji atapata habari ambayo dodoso lisingempa.

Kuna jambo zito zaidi. Tuseme kesho inaletwa filamu ya kuonyesha kwamba kule nyumbani kumetulia, anayetaka kurudi arudi. Barabara imechongwa, shule ina bati jipya, kiongozi anatabasamu. Watu watatazama kimya. Macho yao yatakuwa kwenye pembe za picha, chini kabisa. Milango ya nyumba ipo? Moshi wa jikoni unatoka? Mihogo imepaliliwa au majani yameshinda? Na kuku, je, wapo? Sisi tuliokimbia tunajua kwamba wenye silaha wakipita kijijini, kuku ndio wanaoisha kwanza, na ndio wanaochelewa kurudi. Kijiji ambacho kuku wanazurura bila kufukuzwa kimepata angalau miezi kadhaa ya usingizi. Mama anayetafuta kuku kwenye filamu ya namna hiyo hajashindwa kuelewa. Anapima kama awarudishe watoto wake au asubiri. Maoni yake hapo ni uamuzi wa uhai, na anastahili kusikilizwa kabla hajaulizwa kuhusu ujumbe.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Filamu ikiisha, ulizeni kwanza: mmeona nini? Andikeni jibu kama lilivyotamkwa, hata likiwa kuku, bila kulisahihisha. Halafu ulizeni: mnakubaliana na nani kwenye picha hii, na kwa nini? Swali la ujumbe liwe la tatu. Na msiondoke na kipaza sauti mapema, kwa sababu wazee wetu husema la maana wakiwa wameshasimama kwenda zao.

Nasi wakazi tuna kazi yetu. Maoni ya foleni ya maji yanakwisha ndoo zikijaa. Wale watu 30 walioona kuku, majina yao hayakuandikwa popote. Tunamjua aliyewasimulia, tunamjua aliyekitia kisa chao kitabuni, wao hatuwajui. Filamu uliyoitazama wiki hii, chukua karatasi, andika uliona nini na ulibishana na nani, ukilete hapa kwenye jarida letu. Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira, cha Bujumbura au cha Kigoma, chochote kitasomeka.