Machungwa ya Malindi na Ngamia wa Umeme

Tarehe 7 Januari 1499, meli tatu za Wareno zilitia nanga Malindi zikiwa na wagonjwa wengi kuliko wazima. Vasco da Gama alikuwa anatoka India kurudi kwao. Safari ya kwenda, kutoka Malindi hadi Calicut, ilikuwa imemchukua chini ya mwezi mmoja, kwa sababu alikuwa na rubani aliyeijua njia na pepo za kusi zilikuwa zinaanza. Kurudi, hakutaka kungoja kaskazi. Aling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba, wakati nahodha yeyote wa pwani hii angekuwa bado amekaa anashona tanga lake, na bahari ikamshika karibu miezi mitatu. Fizi za mabaharia zilivimba hadi zikafunika meno, miguu ikajaa, watu 30 hivi wakafa njiani. Katika kila meli walibaki wanaume saba au wanane tu wenye nguvu ya kushika kamba.

Walipofika Malindi, da Gama alituma mtu nchi kavu alete machungwa. Ndiyo waliyoyalilia wagonjwa. Yaliletwa kesho yake, pamoja na matunda mengine, lakini kwa wengi yalikuwa yamechelewa, wakafia hapo hapo. Siku chache baadaye, wakiwa wameshaipita Mombasa, Wareno waliichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuziendesha zote tatu.

Ugonjwa wenyewe tunauita kiseyeye. Ni njaa ya matunda na mboga mbichi, njaa ambayo mtu anaweza kuwa nayo huku tumbo limejaa nyama ya chumvi na mkate mkavu.

Naanzia mbali hivi kwa sababu ya ushauri ambao leo hupewa mtu yeyote aliyekata tiketi ya meli ya kitalii. Anza na matunda. Jaza nusu ya sahani mboga. Usirudi kwenye bafe mara ya tatu. Achana na lifti, panda ngazi. Amka mapema utembee kwenye sitaha kabla jua halijawa kali. Kunywa maji. Ni ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Lakini ukiufuatilia ulikotoka, unagundua kwamba kila kipengele chake kililipiwa na mwili wa mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuwa abiria.

Tuchukue matunda. Mwaka 1747, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza HMS Salisbury, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili. Kila jozi ikapewa dawa yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine pombe ya matofaa, na kadhalika. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita, lakini kufikia hapo mmoja wa wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini. Lind alichapisha kitabu chake mwaka 1753. Jeshi la wanamaji lilianza kugawa maji ya malimau kwa meli zake rasmi mwaka 1795. Hesabu mwenyewe: miaka 42. Ni mabaharia wangapi waliozikwa baharini huku jibu limeshachapishwa?

Kwa hiyo kwa karne kadhaa, tatizo la mwili baharini lilikuwa chakula duni na kazi nyingi. Hakuna aliyemwambia baharia afanye mazoezi. Kuvuta kamba, kupanda mlingoti, kupiga pampu maji yatoke, hayo yalikuwa mazoezi ya kutosha kumuua mtu.

Kilichogeuza mambo ni mvuke. Meli ya mvuke haikungoja upepo, na abiria wake hakuwa na la kufanya isipokuwa kula, kulala na kutazama maji. Mjerumani mmoja aliona biashara hapo. Albert Ballin, wa kampuni ya Hamburg-Amerika, alikuwa na shida ya meli kubwa zilizokosa abiria msimu wa baridi, wakati Atlantiki ya kaskazini haipitiki kwa raha. Januari 1891 akaipeleka Augusta Victoria kwenye bahari ya Mediterania, ikiwa na abiria 241 ambao hawakuwa wanahama wala kwenda kazini. Walikuwa wanazunguka tu na kurudi walikotoka. Safari ilichukua karibu miezi miwili. Watu walimcheka kabla, wakaacha kucheka baadaye. Kufikia 1900 kampuni yake ilikuwa imezindua Prinzessin Victoria Luise, meli iliyojengwa makusudi kwa safari za starehe, na ndani yake mkawekwa chumba cha mazoezi.

Mbona chumba cha mazoezi? Kwa sababu tatizo lilikuwa limepinduka. Sasa kulikuwa na watu melini wanaokula sana na wasiofanya kazi yoyote.

Mfano ninaoupenda ni Titanic, kwa kuwa kila mtu anadhani anaijua. Kwenye sitaha ya juu kabisa, karibu na mashua za kuokolea, palikuwa na jimu ya abiria wa daraja la kwanza pekee. Mlikuwa na baiskeli zisizoenda popote, mashine ya kupiga kasia, farasi wa umeme, na kumbe hata ngamia wa umeme: unapanda, swichi inawashwa, unatikiswa kama uko jangwani. Mashine za namna hiyo zilitokana na kazi ya daktari wa Sweden, Gustav Zander, aliyefungua taasisi yake Stockholm mwaka 1865 kwa imani kwamba mashine zinaweza kuunyoosha mwili wa mtu anayeshinda amekaa. Kuna picha zilizopigwa na kasisi Francis Browne, aliyeshuka Ireland kabla ya meli kuelekea baharini, zinazomwonyesha mwalimu wa jimu ile, T. W. McCawley, katika mavazi yake meupe. McCawley alizama na meli.

Chakula nacho? Ghala za Titanic zilipakiwa mayai 40,000 na machungwa 36,000. Da Gama angelia. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, daraja la kwanza waliandaliwa chaza, samaki wa salmoni, kondoo, bata, ndege wadogo wa kuchoma, na vitamutamu vya kumalizia. Daraja la tatu waliandikiwa supu ya mchele na nyama ya kuchoma mchana, na kabla ya kulala, uji, biskuti na jibini. Tusiwaonee huruma sana. Wengi wao huenda hawakula vizuri hivyo makwao. Na ukiniuliza ni nani aliyelala na tumbo jepesi zaidi, nitasema aliyekunywa uji.

Sasa shuka chini, sitaha baada ya sitaha, mpaka mahali ambapo abiria hakuruhusiwa. Huko kulikuwa na matanuri 159 yaliyochemsha maji ya boila 29, na yalikula zaidi ya tani 600 za makaa ya mawe kila siku. Makaa hayo hayakujirusha. Wanaume walifanya kazi kwa zamu, saa nne kazini na saa nane nje, vifua wazi, sepetu mkononi, na wenzao wakiwaletea makaa kwa toroli kutoka maghalani. Katika meli za aina hiyo, wachochezi waliotoka zamu mara nyingi walipewa sufuria ya mabaki yaliyorudi jikoni kutoka meza za wakubwa. Hebu fikiria picha hiyo kwa ukamilifu: juu, mtu ameshiba anatikiswa na ngamia wa umeme ili atoe jasho, chini, mtu anatoa jasho ili umeme wa ngamia upatikane, kisha anakula alichoacha yule wa juu. Jasho la wote wawili lilitoka kwenye makaa yale yale.

Katika Bahari ya Hindi, wale wa chini walikuwa watu wetu. Jeshi la wanamaji la Uingereza katika karne ya 19 liliajiri Waafrika wa pwani hii, wengi wao kupitia Zanzibar, baadhi wakiwa wametoka utumwani, likawaita "Seedies". Wengi waliwekwa kwenye kazi za makaa. Kampuni za meli za abiria kama P&O nazo ziliwashusha kwenye vyumba vya matanuri. Sababu iliyotolewa ni ile ile tunayoijua: ati Mwafrika anastahimili joto. Juu yao walikuwepo mabaharia wa Kihindi, walioandikwa kwa mikataba ya mshahara mdogo mno kuliko wa Mzungu na mgao wao wa chakula. Historia ya afya melini ikiandikwa kwa uaminifu, hawa ndio wanaopaswa kuwa sura ya kwanza, maana "kukaa timamu" hakukuwa hiari kwao. Ukidhoofika, hupati mkataba mwingine.

Mombasa iliziona meli hizi kwa miaka mingi. Karanja na Kampala, za kampuni ya British India, zilileta watu kutoka Bombay. Wenye pesa vyumbani, wengine wakilala sitahani juu ya matandiko waliyobeba wenyewe. Kutoka London kupitia Suez ilikuja Uganda, iliyoanza safari mwaka 1952. Ilipofika miaka ya 60, ndege zikawachukua abiria na uhuru ukawaondoa maofisa wa kikoloni waliokuwa wakilipiwa tiketi na serikali. Mwaka 1968 Uganda ikageuzwa meli ya wanafunzi: mabweni, madarasa, nafasi ya zaidi ya watoto 900. Ilikuwa meli ya kitalii yenye ratiba, ambapo mtoto aliamshwa, akala, akasoma, akacheza na akalala kwa saa. Wanaotafuta siri ya kutonenepa likizoni wangeweza kuanzia hapo: ratiba hushinda nia njema.

Ndege hizo hizo ndizo zilizozaa utalii wa meli tunaoujua leo. Meli iliposhindwa kumfikisha mtu haraka, iliamua kuwa ndiyo mahali penyewe pa kwenda. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, inaweza kuchukua abiria 7,600, na wafanyakazi wake ni 2,350 hivi. Ina mabwawa 7 ya kuogelea. Chakula kipo karibu kila unapogeuka. Katika mji kama huo unaoelea, ule ushauri wa ngazi na mboga una maana, kwa sababu kila kitu kimepangwa usitembee na usikatae. Na dawa ya zamani bado ndiyo ya bei rahisi: kuzunguka sitaha kwa miguu, jambo lililofanywa na abiria kabla ya jimu yoyote kubuniwa, halihitaji mashine wala mwalimu.

Lakini sitaki kumalizia na abiria. Vijana wa rika langu, wa Likoni na Kisauni na hata wa bara ambao hawajawahi kuogelea, wanazitafuta kazi za meli hizi. Mimi mwenyewe, tangu niache chuo, nimeshashauriwa na wazee wa nyumbani zaidi ya mara moja: "Si ujaribu meli?" Wanaoenda huwa jikoni, kwenye kufua, kwenye kusafisha vyumba, kwa mikataba ya miezi sita, saba, hata tisa. Makaa yameisha. Jasho halijaisha.

Upo mkataba wa kimataifa kuhusu kazi za mabaharia, wa mwaka 2006, na Kenya iliuridhia mwaka 2014. Unasema baharia alishwe bure muda wote wa mkataba wake, na chakula kiwe cha kutosha na cha lishe, kwa kuzingatia dini na mila yake. Unasema wakala asimtoze baharia ada ya kumtafutia kazi; gharama ambazo zinaweza kuwa juu yake ni kama cheti cha afya cha lazima, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Kuhusu saa, nchi inachagua: ama kazi isizidi saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki, ama mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Toa 77 kwenye saa 168 za wiki. Zinabaki 91 ambazo mtu anaweza kuwa kazini na sheria isivunjwe.

Mtu wa saa 91 hahitaji kuambiwa apande ngazi. Anahitaji usingizi, anahitaji sahani yenye mboga ambayo haijakaa tangu asubuhi, na anahitaji nahodha anayeandika saa zake kwa ukweli. Kwa hiyo ukiwa kijana umepewa karatasi ya kutia sahihi, kabla hujafika kwenye mshahara, tafuta mistari ya chakula, ya mapumziko na ya ada. Ukiwa hujaiona, uliza. Na ukibahatika siku moja kusafiri kama abiria, kula chungwa lako, zunguka sitaha yako, halafu asubuhi muulize aliyekuletea chai amelala saa ngapi.