Historia ya Namba ya Mdomo Sungura

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza historia ya namba moja ndogo inayoandikwa hospitalini, na faida yake kwa mzazi.

Mtoto akizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, husemwa kwamba ana mdomo sungura. Wengine hudai kuwa mama amerogwa, au amevunja mwiko. Sivyo hata kidogo. Mdomo wa mtoto huungana tumboni baina ya juma la 4 na la 7 la mimba. Pande zake zisipokutana, ufa hubaki. Pengine ufa hufika mpaka kwenye kaakaa, yaani paa la kinywa.

Sasa sikilizeni. Zamani kila mganga aliuita ugonjwa kwa jina alilolipenda. Mwaka 1839 Bwana William Farr, aliyehesabu vifo katika ofisi ya serikali mjini London, alilalamika kwamba ugonjwa mmoja una majina matatu au manne, na jina moja hutumiwa kwa magonjwa mbalimbali. Basi, mtu atahesabuje? Ni kama mchungaji ambaye kila ng'ombe wake ana majina manne. Jioni hatajua kama mmoja amepotea.

Mwaka 1893 Bwana Jacques Bertillon wa Paris alitoa orodha yake katika mkutano wa Chicago. Mwaka 1900 wajumbe wa nchi 26 walikutana Paris, wakakubaliana juu ya orodha ya mafungu 179. Lakini angalieni jambo moja: ile ilikuwa orodha ya sababu za vifo. Mtoto aliye hai na mdomo wake uliopasuka hakuhesabiwa humo. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo, na orodha ikaingiza maradhi ya walio hai pia.

Katika orodha ya tisa, namba yake ilikuwa 749. Orodha ya kumi, iliyokubaliwa mwaka 1990, ilitoa namba tatu. Q35 ni kaakaa peke yake. Q36 ni mdomo peke yake. Q37 ni vyote viwili. Orodha ya kumi na moja ilianza kutumika mwaka 2022, na humo mdomo ni LA40.

Mtauliza, herufi na tarakimu hizi zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Mtoto wa Q37 hawezi kuvuta maziwa vizuri, kwa sababu kaakaa lake li wazi. Ikiwa hakuna aliyemulika kinywa chake, ataandikwa Q36, naye atarudishwa nyumbani bila mama kufundishwa namna ya kumlisha. Atakonda. Akifa, huenda kitabu kikataja njaa tu, na chanzo chake kisijulikane.

Tena yuko mtoto anayefichwa ndani kwa aibu. Huyo hana namba yo yote. Zahanati zetu huandika hesabu katika vitabu vya MTUHA, na serikali hupanga kazi kwa hesabu hizo. Asiyeandikwa hapangiwi kitu.

Ufa huu hushonwa. Inafaa mdomo ushonwe kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Kwa watu wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Basi, ndugu zangu, msimfiche mtoto. Mpelekeni zahanati, mwombeni mkunga amulike kaakaa, kisha ulizeni ameandika nini. Ninyi sasa mnajua kusoma; kisomeni cheti cha mtoto wenu.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini Bwana Farr alilalamika?
2. Orodha ilibadilika namna gani mwaka 1948?
3. Q36 na Q37 zatofautianaje, na mtoto hupata hasara gani zikikosewa?