Mhumanisti Ni Nani?

Hapa Bunia, nchini Kongo, mzazi akisema mwanawe amemaliza humanite, kila mtu anaelewa: kijana amehitimu sekondari. Neno hilo lililetwa na shule za Wabelgiji, na mzizi wake ni studia humanitatis, masomo matano ya Italia ya karne ya 15: sarufi, balagha, historia, ushairi na falsafa ya maadili. Mwalimu wa masomo hayo aliitwa umanista. Kwa Kiswahili tuseme mhumanisti, na taaluma yake uhumanisti.

Wapo wanaoutafsiri uhumanisti kwa "utu" au "ubinadamu". Sikubaliani nao. Utu ni tabia njema, na hata asiyejua kusoma anao. Uhumanisti ulikuwa kazi ya kusoma: kuacha nakala za nakala na kurudi kwenye maandiko ya awali. Wala haukuwa kumweka mtu mahali pa Mungu, kama wahubiri wengine wanavyouelewa. Maana hiyo ilikuja baadaye sana.

Kazi hiyo iliitikisa siasa. Mwaka 1440 mhumanisti Lorenzo Valla aliichambua hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino alimwachia Papa utawala wa Magharibi. Akakuta humo "masatrapi", cheo cha Uajemi, wakitajwa kama wakubwa wa Roma! Kilatini chenyewe hakikuwa cha karne ya 4. Hati ilikuwa ya kughushi, na sarufi ndiyo iliyoiumbua. Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa huko Ujerumani, aliisoma hoja hiyo mwaka 1520, akazidi kuukasirikia upapa.

Mwaka 1516, mjini Basel, mhumanisti Erasmus alichapisha Agano Jipya la Kigiriki. Katika Mathayo, Kilatini cha kanisa kilionekana kuagiza watu wafanye kitubio, na wengi wakafikiria sakramenti. Kigiriki kinasema metanoeite: geuzeni nia zenu. Hoja ya kwanza kati ya zile 95 za Luther za mwaka 1517 inasimama hapo hapo. Mwanafunzi wa teolojia wa Chuo Kikuu cha Shalom, hapa Bunia, akilinganisha "tubuni" ya Biblia yake na Kigiriki, anashika kazi ile ile.

Hata hivyo mhumanisti si jina jingine la Mprotestanti. Melanchthon, mwenzake Luther, alikuwa vyote viwili. Mhumanisti Mwingereza Thomas More alikatwa kichwa mwaka 1535 akiwa Mkatoliki. Erasmus naye, ambaye Agano lake la Kigiriki Luther alilitumia kutafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, alimpinga Luther waziwazi mwaka 1524 kuhusu hiari ya mwanadamu, na hakulihama kanisa lake.