Mikono Iliyoshika Hatamu

Baba yangu alikuwa saisi. Neno hili halisikiki sana nje ya mabanda ya farasi, kwa hiyo hapana budi nilieleze: saisi ndiye anayemlisha farasi, anayempiga brashi, anayemkagua kwato asubuhi na jioni, anayemtandika na kumshikilia mpaka mwenyewe apande, kisha hubaki chini akimtazama akienda zake. Kwa kuwa nililelewa kando ya banda, nikawa na mazoea ya kusoma habari za wanawake wapanda farasi, na humo nimelikuta swali moja likirudiwa karne kwa karne. Mwenye mimba apande au asipande? Na akishajifungua, arudi lini kwenye tandiko? Majibu niliyoyasoma ni mengi. Nadhani nusu ya habari yenyewe haimo ndani yake.

Tuanze Urusi. Mwaka 1745 binti wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 16, yule ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Catherine Mkuu, aliolewa na Peter, mrithi wa kiti cha enzi. Kazi aliyoletewa ilikuwa moja, kuzaa. Miaka ikapita bila mtoto. Malkia Elizabeth, aliyekuwa mama mdogo wa Peter, alimwona bibi harusi akipanda farasi saa nyingi huku ametanua miguu kama wanaume, akakata shauri kwamba kasoro iko hapo. Catherine mwenyewe anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba mama mmoja wa ikulu, aliyewekwa kumchunga, alimweleza Malkia kuwa watoto hawaji bila sababu, na tangu wawili hao waoane sababu yenyewe haijapata kutokea! Hilo halikusaidia kitu. Amri ilikuwa aketi upande, miguu yote miwili ining'inie upande mmoja, kama ilivyowapasa mabibi wa Ulaya wa siku zile.

Alichofanya Catherine ni kubuni tandiko la kugeuzwa. Machoni pa Malkia aliketi kibibi. Akishafika mbali aligeuza vifaa vyake, akatanua miguu na kuendelea. Masaisi walipoulizwa anapanda juu ya tandiko gani, walijibu kuwa ni la kike, na hawakusema uongo. Mstari huo mmoja juu ya masaisi naupenda kuliko kurasa nyingi za vita vyake, kwa maana unaonyesha kwamba siri ya bibi ilikuwa mikononi mwa watu wa banda.

Mwana alipatikana mwaka 1754. Malkia Elizabeth alimchukua mtoto palepale akamlee mwenyewe, na mzazi akaachwa kitandani penye upepo wa mlango, akiomba maji bila kupewa. Mwezi Aprili 1762 Catherine alijifungua tena, safari hii kwa siri, kwa kuwa mtoto hakuwa wa mumewe, na mumewe sasa ndiye mfalme. Inasimuliwa kwamba mtumishi wake Vasily Shkurin aliichoma moto nyumba yake mwenyewe uchungu ulipoanza, kwa sababu Peter alipenda mno kwenda kutazama moto ukizimwa. Mtoto alipelekwa kulelewa kwa Shkurin. Siku 78 baada ya kuzaa, Catherine alivaa sare ya kijeshi, akapanda farasi wake Brilliant, akatangulia mbele ya askari kwenda kumng'oa mumewe. Mchoraji Vigilius Eriksen alimchora hivyo, juu ya farasi, upanga mkononi. Mke wa Shkurin, aliyekuwa na kichanga kile nyumbani, hayumo katika picha.

Kwetu pwani nako kuna aliyejifunza kupanda tangu utotoni. Binti Mfalme Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ameandika katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, jinsi watoto wa Sultani Said walivyofundishwa kupanda pale Mtoni wangali wadogo, wa kike na wa kiume. Waliofuzu walipewa wanyama wao: wavulana farasi, wasichana punda weupe wa Maskati, ambao bei yao haikuwa ya mchezo. Lakini mimba yake ya kwanza, mwaka 1866, haikumruhusu hata kufikiri juu ya tandiko. Alikuwa amepata mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, na ilimbidi akimbie kwa meli ya Waingereza mpaka Aden, ambako alijifungua mtoto wa kiume. Nimemtaja kwa ufupi tu, ili msomaji asidhani kuwa mambo ya wanawake na wanyama wa kupanda yalikuja kwetu na reli.

Madaktari wa leo wana neno lenye uzito kuliko la Malkia Elizabeth. Kutanua miguu juu ya farasi hakuzuii mimba. Kinachoogopwa ni kuanguka. Katika wiki 12 za mwanzo, au karibu na hapo, mji wa mimba umo ndani ya mifupa ya nyonga, umekingwa. Baadaye hupanda juu tumboni na kukosa kinga hiyo. Pigo la tumbo laweza kubandua kondo la nyuma kabla ya wakati wake, na hapo mama na mtoto wote wawili wamo hatarini. Viungo navyo hulegea, uzito husogea mbele, na aliyezoea kukaa sawasawa bila kufikiri hujikuta akiyumba. Kwa sababu hizo wengi hushauri mjamzito ashuke na asubiri. Wapo walioendelea. Mholanzi Anky van Grunsven alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Athens mwezi Agosti 2004 akiwa mjamzito, na mwanawe alizaliwa Novemba mwaka huohuo. Mimi simhukumu. Alimjua farasi wake, na alikuwa na ujuzi ambao siwezi kuupima.

Anayenikaa moyoni zaidi ni Lis Hartel wa Denmark, kwa kuwa kwake hatari haikutoka kwa farasi hata kidogo. Alizaliwa mwaka 1921, na kufikia mwaka 1944 alikuwa bingwa wa nchi yake katika dresaji, yaani ule mchezo wa kumwongoza farasi apige hatua kwa mpangilio na utulivu, mpandaji akionekana kana kwamba hafanyi lolote. Nchi ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Mwezi Septemba mwaka huo, akiwa na miaka 23 na mimba ya mtoto wa pili, alipatwa na polio. Mwili karibu wote ukapooza. Chanjo haikuwapo, ile ya kwanza ilianza kutumika mwaka 1955.

Mtoto alizaliwa salama, mzima. Huyo mama mwenye kichanga kipya alianza kujifunza upya kuinua mkono, kisha kutambaa, kisha kusimama kwa magongo. Hebu fikiri, ndugu msomaji: ndani ya nyumba moja mama na mtoto wanajifunza kutambaa. Waliomtibu walitaraji kwamba kutembea kwa magongo ndiko kungekuwa mwisho wa safari yake. Yeye alitaka farasi. Alipopandishwa tena, alikuwa hana nguvu kuanzia magotini kwenda chini, na hakuzipata tena maisha yake yote. Kwa mpandaji wa dresaji hilo ni jambo kubwa, kwani miguu ndiyo husema na farasi: kubana kidogo hapa, kulegeza pale. Hartel ilimbidi aseme na farasi wake, Jubilee, kwa uzito wa mwili na mgongo tu, na farasi ilimbidi ajifunze lugha hiyo. Mwaka 1947 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya nchi za Skandinavia.

Olimpiki bado ilikuwa imefungwa. Dresaji ulikuwa mchezo wa maofisa wa jeshi, na walishikilia cheo kwelikweli: timu ya Sweden iliyoshinda mwaka 1948 ilinyang'anywa dhahabu mwaka uliofuata kwa sababu mmoja wao, Gehnäll Persson, hakuwa ofisa kamili. Mlango ulifunguliwa mwaka 1952 mjini Helsinki, askari wa vyeo vya chini, raia na wanawake wakaingia pamoja. Hartel alishindana na wanaume, akapata fedha. Aliyempita ni Henri Saint Cyr, ofisa wa Sweden, naye ndiye aliyemsaidia kupanda jukwaani kupokea medali. Mwaka 1956 walimaliza hivyohivyo, yeye wa pili, Saint Cyr wa kwanza. Kutokana na mfano wake watu wengi Ulaya walianza kuamini kwamba farasi anaweza kuwa tiba kwa mlemavu. Alifariki mwaka 2009.

Nilipomsimulia Mama kisa hiki, hakuuliza habari za medali. Aliuliza, "Na huyo aliyekuwa akimpandisha ni nani?"

Vitabu vinasema alisaidiwa. Basi.

Swali la Mama laweza kuulizwa hata karibu na nyumbani. Farasi ni mgeni Afrika Mashariki. Mbung'o humwambukiza nagana, na visubi humletea ugonjwa mwingine unaoweza kumuua kwa siku chache, ndiyo sababu walowezi walipendelea kumfugia nyanda za juu, penye baridi. Huko Njoro alikulia Beryl Markham, ambaye kabla ya kurusha ndege peke yake kuvuka Atlantiki mwaka 1936 alikuwa mfunzaji wa farasi wa mashindano, na ujuzi huo aliupata kijana kabisa. Mtoto wake wa kiume alizaliwa London mwaka 1929. Mama alirudi Kenya. Mtoto alilelewa Uingereza na bibi yake mzaa baba. Na farasi wake, katika miaka ile ya kufunza, waliangaliwa na arap Ruta, mwenzake wa tangu utotoni. Huyu angalau ana jina, maana Beryl alimwandika. Nimesoma wanaomlaumu Beryl kwa kumwacha mtoto na wanaomtetea kwa ushujaa wake, na pande zote mbili zimeandika kurasa nyingi. Ruta amepata vifungu.

Mama yangu hakupata hata kifungu, kwa hiyo nampa hapa. Alikuwa akikata majani ya farasi na kuwachotea maji katika shamba moja la mkoa huohuo, ambalo sitalitaja. Banda lilikuwa na farasi sita. Farasi mmoja hunywa kiasi cha lita 30 kwa siku, na jua likiwa kali huzidisha; fanya hesabu ya madebe, kisha uongeze kilima kati ya mto na banda. Mwaka mmoja bibi mwenye shamba alishika mimba, na Mama naye alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Daktari alitoka mjini akamwamuru bibi asipande tena mpaka ajifungue, na kwa jinsi nijuavyo leo alimshauri vema. Farasi wawili wa bibi, waliozoea kutoka kila asubuhi na kujilia nyasi malishoni, wakawa wanashinda bandani ili wasiumie bure. Farasi anayeshinda bandani hula anacholetewa na kunywa anacholetewa. Baba aliongezewa kazi ya kuwatembeza jioni. Mama aliongezewa mizigo ya majani na madebe ya maji, na aliibeba mpaka wiki aliyojifungua. Siku chache baada ya kujifungua alirudi, mtoto mgongoni.

Bibi yule hakuwa mtu mbaya. Alituletea nguo za mtoto na sabuni, na Mama alizipokea kwa shukrani ya kweli. Ila ndani ya shamba moja kulikuwa na mimba mbili. Moja ilijadiliwa mezani, na daktari akaitwa, na ya pili haikumpitia mtu yeyote akilini. Hata Mama mwenyewe, nilipomuuliza, alishangaa. "Mwanangu, mimi sikupanda farasi, nianguke kutoka wapi?"

Siku hizi katika baadhi ya mabanda nimewakuta masaisi wa kike, vijana walio katika umri wa kuzaa. Hatari yao kubwa haiko juu ya tandiko. Teke la farasi wa kilo 500 humfikia aliye chini pia, na lipo jambo jingine lisilopiga kelele. Madaktari wa mifugo hutumia dawa za prostaglandini kumfanya farasi jike apate joto kwa wakati unaotakiwa. Dawa hizo hupenya ngozi ya binadamu, na zikimpata mjamzito zaweza kuharibu mimba. Onyo limeandikwa kwenye chupa, aghalabu kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, na anayetumwa kuileta chupa kutoka kabatini ni saisi. Ninapotembelea banda huomba nionyeshwe kabati hilo. Kisha huwasomea akina dada hao kwa Kiswahili, polepole: mwenye mimba asiiguse, anayeishika avae glavu, na ikimwagika mkononi, maji na sabuni papo hapo.