Saa ya mkononi, saa ya Kiswahili

Mishale ya saa ya mkononi inapoonyesha 7:00 asubuhi, msemaji wa Kiswahili husoma saa moja. Kwake siku huanza jua linapochomoza, na namba anayoitaja ni ile inayotazamana na mshale mfupi. Wapo wanaorudisha mishale nyuma kwa saa 6, ili saa ioneshe kama wanavyosema. Ethiopia pia huhesabu hivyo.

Hesabu hiyo inafaa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, nchini Marekani, wanakoishi Waafrika Mashariki wengi, mchana wa Desemba haufiki saa 9, ilhali wa Juni huzidi saa 15. Tena, saa husogezwa mbele kila Machi na kurudishwa Novemba. Nairobi huwa mbele kwa saa 8 au 9.

Mwaka 1965 miji hiyo jirani yenyewe ilipishana kwa saa nzima. Saint Paul ilisogeza saa zake Mei 9, huku Minneapolis ikisubiri hadi Mei 23. Mwaka 1966 Marekani ilipitisha sheria ya kuoanisha tarehe hizo.

Kwa mhamiaji, kosa lina gharama. Miadi ya daktari ya saa 3 asubuhi, ikiandikwa 3:00, humfikisha hospitali alasiri, saa 6 baadaye. Saa ya dijitali haimsaidii: haina namba ya kutazamana, hivyo hulazimika kutoa sita kichwani.